Bwana Paul Galvin na Redio ya Motakaa

Wanafunzi wenzangu, nanyi wazee wetu mliosoma hapa kabla yetu, katika kurasa hizi nataka kuwapeni habari za maisha ya mtu ambaye kazi yake mwaisikia kila siku barabarani, ingawa wanaolijua jina lake si wengi. Bwana huyo ni Paul Galvin wa Marekani. Hakuwa mtaalamu wa sayansi, wala hakupata digrii. Alikuwa mfanya biashara aliyefilisika mara mbili kabla hajatimiza miaka 35, na mara ya tatu akaponea chupuchupu, kwa kuwa alitia redio na spika katika motakaa yake mwenyewe akasafiri nayo zaidi ya maili 800 ili watu waisikie.

Nimemchagua huyu kwa ajili ya ubishi uliotuchukua jioni nyingi bwenini muhula uliopita. Kuna kijana mjini kwetu aliyenunua spika mbili kubwa za ukumbi, zile za arusi na mikutano ya dini, akazifunga ndani ya motakaa ndogo kuukuu. Hana biashara ya muziki. Amefanya hivyo kwa furaha yake tu. Wengine wetu walisema ni wazimu mtupu, kwa kuwa motakaa ni ya kuchukulia watu na mizigo. Mimi nilikuwa upande wa wale waliomtetea. Basi nikaanza kutafuta ni nani aliyeanza mambo hayo, na katika kutafuta nikakutana na Bwana Galvin.

Alizaliwa mwezi wa Juni, 1895, katika mji mdogo uitwao Harvard, jimbo la Illinois, yapata maili 60 kutoka Chicago. (Usiuchanganye na Chuo Kikuu cha Harvard, kilicho mbali sana huko Massachusetts.) Mji ule ulikuwa mji wa reli. Magari ya moshi yalisimama hapo, na abiria wenye njaa walichungulia madirishani. Paul alipokuwa na umri wa miaka 13 aliona kwamba njaa ile ni biashara, akaanza kuwauzia abiria bisi, yaani mahindi ya kukaanga. Watoto wengine wakamwiga, na upesi ushindani ukawa mkali. Hili lilimpata tena na tena maishani mwake: akianza jambo jema, baada ya muda mfupi huona wengine wamejaa mahali pale pale.

Alipomaliza shule alikwenda Chuo Kikuu cha Illinois, lakini alikaa miaka miwili tu hivi akatoka. Ikaja Vita Kuu ya kwanza, akatumika katika jeshi la mizinga huko Ufaransa. Aliporudi alimwoa Bibi Lillian mwaka 1920, na mwaka 1921 yeye na rafiki yake Edward Stewart wakafungua kiwanda cha betri katika mji wa Marshfield, jimbo la Wisconsin.

Wakati ule redio ilikuwa jambo jipya, na redio za nyumbani hazikuwa na waya wa kuchomeka ukutani. Zilitumia betri, tena si betri ndogo kama za tochi, bali masanduku mazito yenye asidi, ambayo yakivuja huharibu zulia la mama mwenye nyumba. Kwa hiyo mtu aliyeuza betri alikuwa na matumaini mema. Walakini Marshfield ilikuwa mbali na wanunuzi, gharama za kusafirisha zilikuwa kubwa, na kodi ya serikali haikulipwa. Mwaka 1923 maofisa wakakifunga kiwanda kile. Husimuliwa kwamba Bwana Galvin alikwenda kula chakula cha mchana, aliporudi akakuta mlango umetiwa kufuli, na koti lake la baridi limebaki ndani. Nyumbani alikuwa na mke na mtoto mchanga, Robert, aliyezaliwa mwaka 1922.

Akarudi Chicago akaajiriwa na Bwana Emil Brach, mwenye kiwanda cha peremende, awe karani wake mwenyewe. Kazi ilikuwa nzuri na mshahara ulikuja kila mwezi. Nadhani mtu mwingine angetulia hapo. Lakini mwaka 1926 Stewart alimwita tena, wakaanzisha kiwanda cha pili cha betri, safari hii katika Chicago yenyewe. Kikafa vilevile, mwaka 1928.

Hapa ndipo panaponifanya nimpende. Katika kiwanda kile cha pili walikuwa wamekwisha kuanza kutengeneza chombo kidogo kilichoweza kuifanya redio ya betri itumie umeme wa nyumbani. Betri zikawa hazihitajiwi tena. Mali ya kiwanda ilipopigwa mnada kwa ajili ya madeni, Bwana Galvin alikwenda mnadani kama mnunuzi wa kawaida, akainunua sehemu ile ya vyombo kwa dola 750. Tarehe 25 Septemba, 1928, yeye na ndugu yake Joseph wakaandikisha kampuni mpya kwa jina lao, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Harrison. Walikuwa na fedha taslimu dola 565 na wafanya kazi watano. Mishahara ya juma la kwanza, ya watu wote pamoja, ilikuwa dola 63.

Basi hesabu yake ilikuwa rahisi kuielewa. Ukiwa na dola 565, na kila juma dola 63 zatoka kwa mishahara peke yake, na bado hujalipa kodi ya nyumba wala hujanunua shaba na chuma, huna majuma mengi mbele yako.

Tena chombo chenyewe hakikuwa na maisha marefu. Upesi mafundi walianza kutengeneza redio zinazotumia umeme wa nyumbani moja kwa moja, na chombo cha Galvin kikawa hakina kazi. Akageukia kuwatengenezea redio wafanya biashara wengine, ambao walibandika majina yao wenyewe juu yake. Mwezi wa Oktoba, 1929, soko la hisa la New York likaanguka. Maduka yakarudisha bidhaa, viwanda vikafungwa, na watu wakapanga mistari kungojea supu. Redio za mezani zilitupwa sokoni kwa bei yoyote. Bwana Galvin aliona wazi kwamba akiendelea kuuza kitu kile kile kinachouzwa na kila mtu, atafungwa kufuli mara ya tatu.

Palikuwa na jambo moja ambalo wachache tu walikuwa wakilifanya. Tangu miaka ya 1920 mwanzoni, watu wachache wenye mapenzi ya ufundi walijaribu kutia redio katika motakaa. Walifanya hivyo hasa kwa kujifurahisha, maana redio ya nyumbani ilikuwa kubwa kama kabati, na baadhi ya mafundi wa mijini waliwafungia matajiri kwa bei kubwa sana. Lakini hakuna aliyekuwa akiuza kwa wingi redio iliyotengenezwa hasa kwa motakaa, ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua na fundi wa kawaida akaifunga. Bwana Galvin akafanya shauri kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Akawaweka vijana wake kazini, na mkubwa wao katika jambo hili alikuwa Elmer Wavering, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Miongoni mwa waliosaidia alikuwamo pia William Lear, aliyekuwa na karakana katika nyumba ile ile, na ambaye baadaye alipata sifa kwa ndege zake ndogo.

Nataka nieleze kwa urefu kidogo shida walizozikuta, kwa kuwa kila mwanafunzi wa fizikia atazitambua.

Shida ya kwanza ilikuwa kelele. Mtambo wa motakaa ya petroli huenda kwa cheche. Katika kila silinda cheche huruka ndani ya plagi mara nyingi kwa dakika, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio kinachotangaza upuuzi. Dainamo nayo hutoa cheche zake pale brashi zinapogusana na shaba inayozunguka. Basi ukifungua redio huku mtambo ukiunguruma, husikii muziki, wasikia mlio kama wa nyuki waliokasirika, na ukizidisha mwendo nyuki nao huzidi. Dawa ilikuwa kutia vizuizi vya umeme kwenye nyaya za plagi, na kutia kondensa kwenye dainamo ili cheche zimezwe, na kuvifunika vyombo vya redio kwa bati. Kusema ni rahisi, lakini kila aina ya motakaa ilikuwa na kelele zake, na Wavering na wenzake waliziwinda moja moja.

Ya pili ilikuwa nguvu ya umeme. Betri ya motakaa ya siku zile ilikuwa ya volti 6. Valvu za redio hutaka zaidi ya volti 100. Kwa hiyo mwanzoni ilibidi kutoboa sakafu ya motakaa na kutia chini yake sanduku la betri kavu, ambazo zikiisha sharti zinunuliwe nyingine. Baada ya miaka michache ndipo ilipoenea njia nyingine: ulimi mdogo wa chuma unaotikisika kwa haraka na kuukatakata umeme wa betri ya motakaa, hata uweze kupita katika transfoma na kupandishwa volti. Wazee waliokuwa na redio za namna hiyo watakumbuka mlio wake mwembamba.

Ya tatu ilikuwa eriali. Motakaa nyingi za wakati ule zilikuwa na paa la kitambaa katikati, si chuma kitupu. Fundi alishusha kitambaa cha ndani, akatandaza wavu wa waya, kama ule wa banda la kuku, kisha akakishona tena. Ukiongeza na kufungua dashibodi, na kutoboa sakafu, na kupitisha nyaya mpaka kwenye usukani pale palipofungwa vifungo vya kuwashia, utaona kwa nini kazi hiyo iliweza kuwachukua watu wawili siku kadhaa.

Na ya nne ni spika yenyewe. Spika ya namna tuijuayo, yenye mzingo wa waya unaocheza ndani ya nguvu za sumaku, iliendelezwa na mafundi wawili, Peter Jensen, Mdenmarki, na Edwin Pridham, katika mji wa Napa huko California mwaka 1915. Mwaka 1919 spika zao zilimwezesha Rais Wilson, aliyekuwa dhaifu wa mwili, kuwahutubia watu wapatao 50,000 katika uwanja wa San Diego. Ndiyo kusema spika hii ilizaliwa kwa ajili ya makutano makubwa. Kuileta ndani ya motakaa yenye viti vinne ilikuwa kama kumwalika mpiga tarumbeta wa jeshi chumbani. Hata hivyo motakaa si mahali pa kimya. Magurudumu, upepo, mtambo, mawe ya barabara, vyote vinapiga kelele, na spika dhaifu humezwa. Tena sumaku za siku zile zilikuwa hafifu, kwa hiyo spika nzuri ilihitaji mzingo wa pili wa waya uliolishwa na betri ili kuitia nguvu sumaku. Betri ile ile ya volti 6 iliyowasha taa na kuamsha mtambo, sasa ilidaiwa na spika pia.

Nitoke njiani kidogo nimrudie yule kijana wa mjini, maana shida yake ni ndugu ya shida ya Galvin. Motakaa za sasa zina volti 12. Spika za motakaa kwa kawaida hufanywa za omu 4, na spika za ukumbi mara nyingi ni za omu 8. Sasa, nguvu ni volti mara volti, ukigawanya kwa omu. Kwa volti zile zile, spika ya omu 8 hupata nusu tu ya nguvu ipatayo ile ya omu 4. Ndiyo maana amplifaya ya kawaida ya motakaa ikifungwa kwenye spika za ukumbi huonekana imechoka, na wenye kutaka zaidi hununua amplifaya zenye kuipandisha volti kwanza, kama vile ule ulimi wa chuma wa zamani ulivyofanya. Walakini spika ya ukumbi ina sifa moja inayolipa deni hilo na kubakiza chenji. Ni nyepesi kuitikia: kwa wati moja hutoa sauti kubwa kuliko spika ya kawaida ya motakaa, na tofauti yao yaweza kufika desibeli 10, ambazo ni sawa na kuzidisha nguvu mara kumi. Kwa hiyo yule kijana si mjinga. Nililomwambia ni kwamba atie fyuzi karibu na betri, kwa sababu waya mwembamba usio na fyuzi katika motakaa ni utambi.

Bwana Galvin mwenyewe alilijua hilo. Husimuliwa kwamba alipohitaji mkopo wa kuendeleza kazi, alikwenda kwa mwenye benki mmoja, na ili kumvuta moyo akaagiza vijana wake waifunge redio katika motakaa ya bwana yule, ambayo ilikuwa Packard ya thamani kubwa. Kazi ikakamilika, mwenye motakaa akaondoka akisikiliza. Haikupita hata saa moja, motakaa ile ikashika moto. Mkopo haukupatikana. Mimi niliposoma habari hizi nilicheka, kisha nikafikiri juu ya jioni ile nyumbani kwa Galvin: madeni, wafanya kazi wanaongojea mshahara, na ndani ya motakaa yake mwenyewe chombo cha namna ile ile kilichoichoma ya mwenzake.

Mwezi wa Juni, 1930, chama cha watengenezaji wa redio kilikuwa na mkutano na maonyesho katika mji wa Atlantic City, pwani ya New Jersey. Galvin hakuwa na fedha za kupanga banda ndani ya maonyesho. Vijana wake walifanya kazi usiku na mchana hata wakaifunga redio katika Studebaker yake, karibu na siku yenyewe ya safari. Akampandisha Bibi Lillian, wakaondoka Chicago. Barabara za siku zile hazikuwa kama za sasa, na kila maili ilikuwa mtihani wa nyaya zilizofungwa kwa haraka, lakini redio iliendelea kuimba mpaka baharini.

Walipofika waliegesha motakaa nje, karibu na gati, mahali wageni wa mkutano walipopita. Wakaifungulia spika kwa sauti kubwa. Bibi Lillian alikaa garini akiendesha redio, na mumewe akatembea huku na huku akiwashika wafanya biashara mikono na kuwaleta wasikilize. Wenye mabanda walikuwa ndani wamelipa kodi, na yeye alikuwa nje hajalipa kitu. Wengi walikuja kwa mshangao wa kusikia muziki ukitoka ndani ya motakaa, na baadhi yao wakaagiza. Oda hizo hazikumtajirisha, lakini zilitosha kuyaweka milango wazi. Katika vitabu Bibi Lillian hutajwa kwa mstari mmoja tu. Kwa maoni yangu mtu aliyekaa garini siku nzima katika jua la Juni, akijua kwamba chombo kilicho mbele yake kimekwisha kuchoma motakaa nyingine, alistahili zaidi ya mstari mmoja.

Redio ile iliitwa 5T71, nayo ilikuwa na valvu tano. Bei yake ilikuwa kati ya dola 110 na 130, wakati ambapo motakaa mpya ya Ford iliweza kununuliwa kwa dola kama 500. Fikirini, zaidi ya humusi ya bei ya motakaa, kwa ajili ya kusikiliza muziki tu, tena katika mwaka wa njaa! Lakini watu walinunua. Bwana Galvin akaipa jina la Motorola: “motor” kwa sababu ya motakaa, na “ola” kwa sababu vyombo vingi vya muziki vya siku zile, kama vile Victrola na Pianola, viliishia hivyo.

Si wote waliofurahi. Katika sehemu kadhaa za Marekani palitolewa mashauri ya kuipiga marufuku redio ya motakaa, kwa hoja kwamba dereva atasahau njia au atalala usingizi kwa muziki. Ni maneno yale yale niliyoyasikia bwenini, na sidhani kwamba yote yalikuwa ya upuuzi. Ila marufuku haikushinda. Galvin aliendelea kupunguza bei na kurahisisha ufungaji. Katikati ya miaka ya 1930 alipatana na kampuni ya matairi ya B. F. Goodrich, na madukani mwao mtu aliweza kubadilisha tairi na kufungiwa redio mahali pamoja, kwa dola 55 pamoja na ufundi.

Mambo yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1936 kampuni ilitoa redio ya polisi, iliyokazwa kwenye mawimbi ya kituo cha polisi peke yake, maana polisi walikuwa wamegundua kwamba motakaa yenye redio haiwezi kukimbiwa kwa urahisi. Mwaka ule ule Galvin na jamaa zake walisafiri Ulaya, naye aliyoyaona Ujerumani yalimfanya aamini kwamba vita haviko mbali. Aliporudi akawahimiza mafundi wake wafikirie redio za askari. Mwaka 1940 wakatoa redio ya kushikwa mkononi, uzito wake ratili tano hivi, na mwaka 1943, chini ya uongozi wa Daniel Noble, ile ya kubebwa mgongoni. Zilitumika katika mapigano ya Ulaya na katika visiwa vya Pasifiki, na askari wengi walirudi salama kwa sababu waliweza kuita msaada.

Lakini katikati ya mafanikio hayo alipatwa na msiba ambao fedha haikuweza kuuondoa. Mwaka 1942 Bibi Lillian aliuawa nyumbani kwao Evanston, karibu na Chicago, pamoja na mtumishi wa nyumba, na muuaji hakupata kujulikana. Robert alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Bwana Galvin alirudi kazini. Baadaye, mwaka 1945, alioa tena.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Alikuwa mtu mwenye hasira za haraka, na waliofanya kazi naye walizionja. Lakini hakusahau lile juma la dola 63. Mwaka 1947 aliweka mpango ambao kwa huo wafanya kazi walipata sehemu ya faida ya kampuni, na mwaka huo huo kampuni ikaacha jina la jamaa yake ikachukua lile la redio ya motakaa, ikaitwa Motorola. Katika mwaka huo pia ilitoa televisheni ndogo iliyouzwa kwa bei isiyofika dola 200, jambo ambalo wenzake walidhani haliwezekani. Mwaka 1956 akamkabidhi Robert urais wa kampuni, yeye akabaki mwenyekiti. Alifariki tarehe 5 Novemba, 1959, kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 64.

Robert aliongoza miaka mingi baada ya hapo, na ilikuwa katika kampuni hiyo kwamba, mwaka 1973, Martin Cooper na wenzake walitengeneza simu ya mkononi na kuijaribu katika barabara za New York. Mwaka 2011 kampuni iligawanywa mara mbili, na katika mwaka huo huo Robert akafariki.

Na Elmer Wavering, yule kijana aliyewinda nyuki ndani ya redio? Alipanda cheo hata akawa rais wa Motorola katika miaka ya 1960. Chini yake kampuni ilitengeneza altaneta za motakaa, chombo ambacho kimechukua mahali pa dainamo ya zamani. Dainamo ilitoa umeme haba mtambo ulipokwenda polepole, na taa zilififia kila motakaa iliposimama njia panda. Altaneta hutoa umeme wa kutosha hata motakaa ikiwa imesimama na mtambo unaunguruma tu, na spika ziko wazi.